Kompyuta 24, namba moja: jinsi mashine inavyopata utambulisho wa kudumu

Jumatatu moja asubuhi, katika maabara ya kompyuta ya shule moja hapa Bombo, mwalimu msimamizi aliniita mbele ya skrini ya seva. "Fundi," akasema, "kompyuta zote 24 zinawaka. Mbona humu naona moja tu?"

Nikatazama. Orodha ilikuwa na mstari mmoja, na jina lililoandikwa ni maabara-07. Nikaufungua ukurasa upya: mstari ule ule mmoja, lakini jina sasa ni maabara-19. Mara ya tatu likawa maabara-02. Nyuma yetu feni 24 zilikuwa zinavuma, na kila kompyuta ilikuwa ikituma ripoti yake kama ilivyoagizwa. Seva ilizipokea ripoti zote, ila ilidhani zinatoka kwa mashine moja inayobadilisha jina kila dakika.

Kosa lilikuwa langu. Kompyuta hizo zilishatumika ng'ambo kabla ya kuletwa Uganda. 20 ni za chapa moja, nne ziliunganishwa na mafundi kwa vipuri vya hapa na pale. Niliiandaa moja kwa uangalifu, nikaitia Ubuntu (mmoja wa mifumo ya Linux), programu za masomo na kijiprogramu cha kuripoti hali ya mashine kwa seva kila asubuhi. Kisha nikachukua imeji ya diski yake, yaani nakala yake kamili, kwa programu ya Clonezilla na kuimimina kwenye zile 23 zilizobaki. Nikabadilisha majina, maabara-01 mpaka maabara-24, nikabandika stika, nikafunga mlango.

Majina niliyabadilisha. Utambulisho niliuacha ulivyo, na seva haikuwa ikiangalia majina.

Tulilithibitisha hilo kwa macho. Nilikaa mbele ya maabara-07, mwalimu akakaa mbele ya maabara-19, tukaandika amri moja, `cat /etc/machine-id`, inayoonyesha namba ya utambulisho wa mashine, yaani machine-id. Mwalimu akasoma kwa sauti, mimi nikifuata kwa kidole kwenye skrini yangu: tisa, c, nne, moja, e, sifuri, saba, a. Tulifika mwisho bila kukuta hata herufi moja iliyopishana:

9c41e07ab3d24f6685f1c0d2be7730a4

Namba hii si ile halisi. Nimeibadilisha kwa sababu nitakayoieleza mbele. Lakini umbo lake ndilo hilo. Ina herufi 32, kila moja ni tarakimu kati ya 0 na 9 au herufi kati ya a na f, na kila moja inabeba biti 4, hivyo jumla ni biti 128. Ukihesabu kutoka kushoto utaona herufi ya 13 ni 4. Hapo ni alama inayosema kwamba namba imeundwa kwa mtindo wa toleo la nne la UUID (kanuni ya kuunda namba za kipekee), yaani imechotwa kwa nasibu. Herufi ya 17 nayo lazima iwe 8, 9, a au b. Alama hizo mbili zinakula biti 6. Biti 122 zinazobaki ni bahati nasibu tupu.

Mifumo mingi ya Linux ya leo hutengeneza namba hii inapowekwa kwenye kompyuta au inapowashwa mara ya kwanza, ikaiandika kwenye faili hilo dogo, na haiigusi tena. Badilisha jina la kompyuta, namba inabaki. Ongeza RAM, badilisha kadi ya mtandao, ihamishe kompyuta kutoka Bombo mpaka Arua, namba inabaki. Lakini kwa kuwa makao yake ni faili ndani ya diski, ukiinakili diski umeinakili na namba.

Wengi wetu tumekua jirani na nyumba yenye mapacha. Kwa Waganda, mapacha wa kiume ni Wasswa na Kato, wa kike ni Babirye na Nakato. Aliyetangulia ana jina lake, aliyefuata ana lake. Hata wafanane kama shilingi kwa ya pili, kila mmoja hupewa jina akishatoka tumboni. Mimi niliibeba imeji ambayo ndani yake mtoto alikwisha kuitwa Wasswa, nikazaa nayo mara 24.

Na mfano huo wa mapacha una mafunzo mengine. Nyumbani kwao Wasswa ni mmoja. Mwite Wasswa katika ukumbi wa Makerere uone vichwa vitakavyogeuka. Jina linatosha ndani ya ua. Nje ya ua linahitaji msaada. Ndiyo maana raia wa Uganda ana NIN, namba ya herufi na tarakimu 14 inayotolewa na NIRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya usajili wa watu ya mwaka 2015. Jina la kompyuta kwenye mtandao, lile maabara-07, ni Wasswa wa ndani ya ua. Kila shule inaweza kuwa na maabara-07 yake, na siku shule mbili zikiunganisha mitandao yao majina yatagongana. Machine-id imekusudiwa isigongane na nyingine popote duniani.

Sasa inawezekanaje namba isiwe na mwenziwe popote duniani? Zipo njia mbili, na fikra zake ziko mbali sana.

Ya kwanza ni kuwa na ofisi inayogawa. Anwani ya MAC ya kadi ya mtandao hupatikana hivyo. Ina biti 48, huandikwa kwa jozi 6, na kwa kawaida nusu ya kwanza inatokana na fungu ambalo taasisi ya IEEE imempa mtengenezaji. Mtengenezaji naye hugawa nusu ya pili, na katika fungu moja ana nafasi 16,777,216. IMEI ya simu iko vivyo hivyo: piga *#06# uone tarakimu 15, ambazo 8 za mwanzo zinataja aina ya simu, 6 zinazofuata ni za simu yenyewe, na ya mwisho hukokotolewa kutoka kwa zile 14 ili kukamata makosa ya kuandika. Njia hii ni imara kadiri ofisi ilivyo imara na mtengenezaji alivyo mwaminifu. Kiwanda kikitumia fungu ambalo hakikupewa, au kikirudia namba, hakuna kengele inayolia.

Njia ya pili huwashangaza watu wanapoisikia mara ya kwanza: kila mashine ijichotee namba yenyewe, bila kuuliza mtu. Je, hazitagongana? Biti 122 zinatoa namba zinazokaribia 53 ikifuatwa na sifuri 35. Ili kufikia nusu kwa nusu ya uwezekano kwamba mbili zimefanana, ungehitaji kuchota namba bilioni moja kila sekunde kwa miaka ipatayo 86. Kwa maabara ya shule, kwa wilaya, kwa nchi nzima, hilo si la kukukosesha usingizi. Uzuri wake ni kwamba kompyuta iliyoko Kaabong isiyo na intaneti inaweza kujipa utambulisho leo, ikaunganishwa na wenzake mwaka ujao, na isimkute aliyeishika namba yake.

Sharti ni moja, nalo ni zito: nasibu iwe nasibu kweli. Mwaka 2012 watafiti waliochunguza vifaa vilivyo wazi kwenye intaneti waligundua kwamba ruta na vifaa vingi vidogo vilikuwa vikishiriki funguo za siri zinazofanana. Sababu yake inaeleweka. Kifaa kidogo kikiwashwa mara ya kwanza, kabla hakijapata kelele za kutosha za kuchanganyia hesabu zake (mwendo wa diski, vidole vya mtumiaji, pakiti za mtandao), hakina pa kuchota bahati. Vifaa viwili vilivyotoka kiwandani sawa, vikawashwa katika hali sawa, vinachota namba sawa. Anayetengeneza vifaa vidogo vya kupima maji au umeme jua asilipuuze hilo.

Hayo ni ya upekee. Kudumu ni jambo jingine, na kwa maoni yangu ndilo gumu zaidi, kwa sababu halitatuliwi kwa hesabu. Mwaka 2025, NIRA ilipoanza kuwapa watu vitambulisho vipya kwa kuwa vya awali vilikuwa vinafika mwisho wa muda, wengi waliuliza kama namba zao zitabadilika. Kwenye kadi kuna namba mbili: namba ya kadi na NIN. Kadi mpya huja na namba yake mpya, NIN haibadiliki. Namba ya kwanza imefungwa kwenye kipande cha plastiki, ya pili imefungwa kwa mtu. Kila mara unapoona namba, swali la kuuliza ni hilo: imefungwa kwenye nini, na kitu hicho kitaishi muda gani?

Kwa mtu jibu ni rahisi, maana mtu habadilishwi kichwa. Kompyuta hubadilishwa kila kitu. Muhula wa pili, pawa saplai ya maabara-07 iliungua. Wiki hiyo hiyo diski ya maabara-15 ikafa. Mtihani ulikuwa karibu, nikafanya ambalo fundi yeyote angefanya: nikaitoa diski ya 07 nikaitia kwenye mwili wa 15. Ikawaka vizuri, wanafunzi wakaendelea. Sasa niambie, mashine iliyoko mezani ni 07 au 15?

Mhasibu wa shule atakwambia ni 15, maana yeye anafuata stika iliyobandikwa kwenye kasha na iliyoandikwa katika daftari la mali. Ruta itakwambia ni 15, maana inaona MAC ya kadi iliyochomekwa kwenye ubao mama, ule mafundi tunaouita madabodi. Seva itakwambia ni 07, maana machine-id imekuja na diski. Mwanafunzi aliyehifadhi kazi yake humo atakwambia ni 07, na kwake hakuna kingine chenye maana. Wote wanne wako sawa. Kila mmoja anauliza juu ya kitu kingine, ingawa wote wanatumia neno moja, kompyuta.

Ndiyo maana siamini katika kutafuta namba moja ya kweli iliyofichwa mahali fulani ndani ya mashine. Nimewasikia mafundi wakibishana juu ya hilo, huyu akishikilia MAC, yule namba ya diski, mwingine ya prosesa. Hakuna sehemu ya kompyuta ambayo ni kompyuta. Ziko sehemu zenye maisha tofauti, na lazima mtu aamue kwa kazi yake ni maisha ya sehemu ipi anayoyafuata.

Ukiangalia kwa jicho hilo, namba zote zinajipanga. MAC inaishi na kadi ya mtandao. Kompyuta yenye kebo na Wi-Fi ina MAC mbili, na adapta ya USB ikichomekwa huongeza ya tatu. Tena programu inaweza kuibadilisha MAC kwa amri moja. Namba ambayo diski hupewa inapofomatiwa inazaliwa hapo na kufa ikifomatiwa tena. Machine-id inaishi na mfumo uliowekwa; ukiweka mfumo upya unaanza maisha mapya, na mara nyingi hilo ndilo unalotaka.

Ubao mama nao una namba yake ya biti 128, iliyoandikwa na mtengenezaji ndani ya BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta. Kwenye Linux unaisoma kwa `sudo dmidecode -s system-uuid`. Hii inavuka kubadilisha diski na kuweka mfumo upya, kwa hiyo ingefaa sana kufuatia mwili wa mashine. Katika zile 20 za chapa moja ilifaa kabisa: kila moja ilikuwa na yake, na namba ya bidhaa iliyosomwa na programu ililingana na ile ya kibandiko cha nyuma. Katika zile nne za kuunganishwa hali ilikuwa tofauti. Mbili kati yake zilitoa jibu hili:

03000200-0400-0500-0006-000700080009

Itazame vizuri. Si nasibu hii. Ukiupanga mfuatano wa baiti kama zinavyokaa ndani ya kumbukumbu, unapata 00, 02, 00, 03, 00, 04, 00, 05, mtu alihesabu tu mpaka 9. Ni namba ya kushikilia nafasi ambayo kiwanda kilipaswa kuiondoa na hakikuiondoa, na imesambaa kwenye mbao nyingi za bei nafuu duniani. Mahali pa namba ya bidhaa palikuwa na maneno "To be filled by O.E.M.", yaani patakapojazwa na mtengenezaji. Hakupajaza. Kwa hiyo programu yoyote inayosoma namba za ubao lazima iwe na orodha ya majibu ya kukataa: sifuri tupu, F tupu, namba hiyo hapo juu na maneno ya aina hiyo. Programu isiyokuwa na orodha hiyo itaunganisha mashine ambazo hazijawahi hata kukaa wilaya moja.

Turudi kwenye unakili, maana ndiko watu wanakoumia zaidi. Madhara ya machine-id iliyorudiwa hayaishii kwenye orodha ya seva. Katika Ubuntu ya seva, kuanzia toleo la 18.04, kompyuta inapoomba anwani ya IP haijitambulishi kwa MAC yake. Kwa chaguo la kawaida hujitambulisha kwa namba iliyotokana na machine-id. Ukinakili mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya nyingine) mara mbili, zote mbili zinaweza kwenda kwa ruta zikisema "ni mimi yule yule", na ruta kwa nia njema inazipa IP moja. Hapo ndipo mtu anakesha: anafikia mashine hii, inakatika, anajikuta yuko kwenye ile. Anabadilisha kebo, anabadilisha swichi, anazima ukuta wa usalama. MAC ni tofauti, kwa hiyo hafikirii kwamba utambulisho ndio tatizo. Funguo za SSH za mashine, ambazo hujitambulisha nazo kwa anayeiingia kutoka mbali, nazo hunakiliwa pamoja na diski, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu aliye na nakala moja anaweza kujifanya yoyote kati ya zote.

Kwa Windows hadithi ni ndefu. Kila Windows inapowekwa hujipa namba iitwayo SID, na kwa miaka mingi mafundi waliamini kwamba SID iliyorudiwa ni hatari. Mwaka 2009 Mark Russinovich wa Microsoft alieleza kwamba katika matumizi ya kawaida hakuna kilichoharibika kwa sababu hiyo, na programu aliyokuwa ameiandika mwenyewe ya kubadilisha SID ikaondolewa. Wengi wakalegea. Kisha masasisho ya Windows yaliyotoka kuanzia mwishoni mwa Agosti 2025 yakaanza kuikagua SID wakati kompyuta zinapothibitishana, na mashine zilizonakiliwa bila maandalizi zikaanza kukataana: huingii kwenye folda ya pamoja, hufungui mashine ya mbali, ingawa nenosiri ni sahihi. Muda wote huo Microsoft ilikuwa na ushauri ule ule: kabla ya kuchukua imeji, endesha Sysprep. Sysprep hufuta yale yanayoitambulisha mashine ili kila nakala ijipe yake ikiwashwa.

Kwa Linux dawa ni ya aina hiyo hiyo. Kabla ya kuchukua imeji, acha faili liwepo lakini liwe tupu, kwa `truncate -s 0 /etc/machine-id`. Mfumo ukiwaka ukalikuta tupu, unachota namba mpya. Kompyuta ambazo zimekwisha kumiminiwa, kama zangu, unafuta faili hilo na kuendesha `systemd-machine-id-setup`. Hapa kuna mtego ulionishika: kuna faili la pili, /var/lib/dbus/machine-id. Likiwa ni kiungo tu cha lile la kwanza, hakuna shida. Likiwa ni faili kamili lenye namba ya zamani, amri hiyo inaiokota namba hiyo na kuirudisha. Nilihangaika na kompyuta tatu, nafuta, naunda, nasoma, na namba ni ile ile, mpaka nilipolifuta na hilo la pili. Funguo za SSH unazifuta pia na kuziunda upya. Kisha unawasha tena, unasoma namba, unalinganisha na jirani yake.

Usiwashe ile imeji ya mama baada ya kuisafisha na kabla ya kuichukua. Ukiiwasha, hata kwa dakika moja kuangalia kitu, imejipa namba, na umerudi ulikotoka.

Nilisema nitaeleza kwa nini nimeificha namba halisi. Waandishi wa mfumo wenyewe wanaagiza machine-id ichukuliwe kuwa siri na isipelekwe kwenye mtandao ovyo. Namba ya kudumu ni uzi. Programu mbili zisizojuana zikiichukua namba moja na kuituma kwa wakubwa wao, wakubwa hao wakikutana wanaweza kuunganisha yote uliyofanya kwenye programu zote mbili. Jambo hili lilizua kelele tangu mwaka 1999, Intel ilipoweka namba ya biti 96 ndani ya prosesa za Pentium III. Watu walipinga, na prosesa za baadaye hazikuwa nayo. Mwaka huo huo ilijulikana kwamba hati za Word zilikuwa zikibeba namba iliyokuwa na anwani ya MAC ya kompyuta ilikoandikiwa. Namba hizo zilitokana na toleo la kwanza la UUID, lililochanganya MAC na saa, saa inayohesabiwa tangu tarehe 15 Oktoba 1582. Mtu aliandika barua bila jina, na jina la mashine yake likawa ndani.

Suluhisho la leo ni kutoitoa namba yenyewe. Programu inachukua machine-id na namba ya programu, inazisaga pamoja kwa hesabu isiyorudi nyuma, inapata namba ya tatu. Ni kama mashine ya kusaga posho: mahindi yale yale yatatoa unga ule ule kila siku, lakini unga haurudi kuwa punje. Kila programu inapata namba yake ya kudumu na hakuna inayoweza kuilinganisha na ya mwenzake. Android ilifuata fikra hiyo kuanzia toleo la 8 mwaka 2017. Na kuanzia Android 10, simu kwa kawaida hujipa MAC ya kubuni kwa kila Wi-Fi inayojiunga nayo. Shule inayosajili simu za walimu kwa MAC ijue kwamba inaandika juu ya mchanga.

Kwetu Uganda kuna sheria ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019, na ndani yake namba ya utambulisho aliyopewa mtu inahesabiwa kuwa data yake binafsi. Kompyuta ya maabara inashikwa na wengi. Laptopu ya ofisa mmoja haishikwi na mwingine, na kwa maoni yangu namba yake inapaswa kutunzwa kama namba ya mtu huyo.

Liko jambo moja ambalo namba hizi zote haziwezi, nalo ni kuthibitisha. Machine-id ni maandishi. Yeyote anayeyasoma anaweza kuyanakili na kujidai. Ukienda kusajili laini ya simu, wakala hatosheki na NIN uliyoitaja, anakutaka uweke kidole. Kidole cha kompyuta ni chipu ya TPM, ile ambayo Windows 11 ilidai toleo lake la 2.0 ilipotoka mwaka 2021. Ndani yake kuna ufunguo usiotoka nje. Seva inatuma swali, chipu inalijibu kwa kutia sahihi, na nakala ya diski kwenye mwili mwingine haiwezi kutoa sahihi hiyo. Kwa orodha ya maabara hatukuihitaji. Kwa mashine inayolipa mishahara ningeihitaji.

Tuliyoyafanya Bombo ni haya. Seva sasa ina namba yake yenyewe kwa kila kasha, iliyochotwa kwa nasibu siku kasha liliposajiliwa, na haikutokana na kipuri chochote. Haina maana yoyote ndani yake, wala chumba wala mwaka, maana chumba hubadilika na namba haipaswi kubadilika. Stika, namba ya ubao, MAC na machine-id ni maelezo yaliyofungwa kwenye namba hiyo, kila moja na tarehe ilipoanza na ilipokoma. Kwa zile mbili zenye namba ya kiwandani isiyo na maana, tunatumia MAC ya ubao badala yake. Machine-id inayojulikana ikitokea kwenye mwili mwingine, seva haijiamulii. Inaweka alama ya njano na kuuliza kama diski imehama, na mtu ndiye anayejibu.

Siku nilipohamisha ile diski, mwalimu ndiye aliyejibu. Aliandika kwenye mstari wa stika 15 kwamba diski imetoka 07, akaweka tarehe. Orodha ikabaki na mistari 24: 23 ya kijani na mmoja wa kijivu, na hakunipigia simu kuuliza ule wa kijivu ni upi. Alijua ni 07, kasha lililokuwa mezani kwangu likisubiri pawa saplai.